Kidole Hakikamuliwi

Kabula mwanangu,

Mama yako ameshakuagiza ya kutosha. Tangu mchana namsikia akikutajia ndoo, chandarua, usikope hela za watu, usipande gari la mtu usiyemjua, nguo za ndani usianike hadharani. Hapo mimi sina la kuongeza, na hata nikiongeza utalisahau ukishavuka na kivuko cha Kamanga na kuyaona mawe ya Mwanza mbele yako. Ninalotaka kukuandikia ni jambo nililokaa nalo miaka mingi, na leo jioni ni wewe uliyelichokoza, tena bila kujua.

Mjomba wako Masalu amefika leo kutoka Nansio, kule Ukerewe, kuja kukuaga. Amekuletea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, mfuko mzima. Ulimwamkia vizuri, ukampokea mzigo, ukaenda kumwekea chai. Nikakuona unanyoosha mkono, unavipita vikombe vyote vya kabatini, unachukua kile cha bati cha buluu kinachoning'inia peke yake kwenye msumari wake. Hukufikiri hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe. Yeye akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanywa. Mimi nimekaa pale kwenye stuli yangu, nikakiweka chini kikombe changu cha kabatini.

Mwanangu, nimeona aibu nisiyojua niipeleke wapi. Kesho unakwenda chuo kusomea maabara, kazi yangu mimi, na watu wote hapa wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Na somo la kwanza ulilolipata kwangu, tangu ukiwa mdogo, ni kumtenga mtu mzima. Mjomba wako hana ukimwi. Hajawahi kuwa nao. Huo uvumi niliuzaa mimi baba yako kwa vidole hivi vinavyokuandikia, na nilipojua kwamba ni uongo nikanyamaza.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea.

Unajua kwamba sikusoma chuo kama utakavyosoma wewe. Nilianza pale hospitalini kwetu kama mfagiaji. Mzee aliyekuwa maabara akaniona nina macho mazuri, akaniita, akanionyesha darubini, akanionyesha vijidudu vya malaria, na alipostaafu nikabaki na funguo. Hivyo ndivyo nilivyopata koti jeupe. Na ukishavaa koti jeupe kijijini wewe ni daktari, upende usipende. Mimi nilipenda. Niliitwa daktari kilabuni, niliitwa daktari kanisani, na bibi yako, mama wa mama yako, hakuwahi kulitaja jina langu. Alisema "mkwe wangu daktari", kwa kituo, kama mtu anayetaja dini yake.

Sasa sikiliza jinsi nilivyokuwa natoa damu. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Kabla sijajua kuandika jina langu nilijua kukamua. Na kila aliyewahi kukamua anajua kwamba maziwa ya kwanza ni mepesi, karibu na maji, na yale mazito yenye siagi yanakuja mwishoni, chuchu ikishavutwa sawasawa. Babu yako alikuwa akinichapa fimbo nikiinuka kabla ya kuyafikia ya mwisho. Basi nilipowekewa kidole cha mtu mkononi, mkono wangu ukajua la kufanya bila kuniuliza. Nachoma, nakishika kidole kwenye shina, navuta kuelekea ncha. Navuta tena. Damu ikiwa kidogo najiambia nzito iko nyuma, ifuate. Wagonjwa walinisifia. Walisema daktari huyu ana mkono wa kukamua, hata kidole kikavu kama kuni kinatoa. Nami nikacheka, nikazidi kuvuta.

Hakuna aliyeniambia kwamba kidole si chuchu. Ukikivuta hivyo, unachokipata nyuma si damu nzito. Ni maji ya nyama yanayokamuka pamoja na damu na kuichuja. Kadiri unavyovuta ndivyo unavyoitia damu ya mtu maji, halafu unakwenda kuipima na kumwambia mwenyewe damu yako ni nyepesi. Nimewahi kuwaambia hivyo wajawazito wangapi, sijui. Nimewahi kuwapeleka kununua vidonge vya kuongeza damu watu ambao damu yao ilikuwa imejaa. Hayo nayaweka pembeni, si kwa sababu ni madogo, ila kwa sababu Masalu ana jina na uso na yuko hapa nyumbani leo.

Ulikuwa darasa la nne mama yako alipojifungua Petro. Unakumbuka ulipelekwa kwa majirani, na ulirudi ukakuta mtoto na mama amelala siku nyingi. Hatukukuambia kwamba alitoka damu mpaka godoro likaloa. Daktari wetu wa zamu, daktari wa kweli, alisema aongezewe, na wakati ule damu ilitoka kwa ndugu. Haikuwapo kwenye friji ikisubiri. Mimi damu yangu haikupatana na ya mama yako. Nikamtuma mtu aende kumwita Masalu, mdogo wake wa tumbo moja.

Alikuja mbio kutoka majarubani, alikuwa anapandikiza mpunga. Matope yako magotini, vidole vimekunjamana kwa kukaa majini tangu asubuhi, na ni baridi. Alikuwa kijana wa kuangalia, Masalu. Mwezi ule alikuwa ameposa, ng'ombe wa mahari walishakwenda kwa wazazi wa binti, harusi inasubiri mavuno. Aliingia akasema, "Shemeji, chukua yote, mwachie dada." Nikamwambia akae.

Leo ningemwambia anawe kwa maji ya uvuguvugu, atikise mkono, tupige hadithi mpaka kidole kipate joto. Siku ile mke wangu alikuwa anakufa upande wa pili wa ukuta. Nilipaka spiriti na sikungoja ikauke. Nikachoma, kikatoka kitone kidogo ambacho kilitakiwa kifutwe, nikakichukua hichohicho kikiwa kimechanganyika na spiriti. Hakikutosha. Basi nikakamua. Nilikamua kidole cha yule kijana kama ninayemkamua ng'ombe mwenye ndama aliyekufa, mpaka yeye mwenyewe akageuza uso. Nikapima kwa kulinganisha rangi, kama tulivyokuwa tukipima, na rangi ikatoka hafifu, kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Chini ya kiwango cha mtu anayeruhusiwa kutoa.

Shika hapa vizuri, Kabula, maana wote waliokuja baada ya hapo hawakupashika. Utaratibu ulikuwa kwamba mtu anapimwa kwanza wingi wa damu. Akifaulu ndipo anapimwa ukimwi. Masalu hakufika huko. Kipimo cha ukimwi hakikufanyika kabisa. Nilifungua mlango, benchi la nje limejaa ndugu na majirani na watu wenye shida zao, nikasema kwa sauti kubwa kwa sababu ya haraka:

"Damu ya huyu imekataa. Aje mwingine."

Kwetu maabara "imekataa" ni neno la kawaida tu. Kipimo kimekataa, mashine imekataa, kalamu imekataa. Lakini kwenye lile benchi, miaka ile tulipokuwa tunazika kila wiki, damu kukataliwa kulikuwa na maana moja. Niliona macho yao yakihama kutoka kwangu kwenda kwa Masalu. Mwanamke mmoja akavuta mtoto wake karibu. Niliona, mwanangu. Siwezi kukudanganya kwamba sikuona. Nilijiambia nitaeleza baadaye, kwanza mke wangu.

Dereva wa hospitali akatoa damu, mama yako akapona, na Petro yupo, anavunja madirisha ya watu kwa mpira. Kwa hiyo namshukuru Mungu. Lakini kabla mama yako hajaweza kukaa kitandani, habari ilishafika kwa wakwe wa Masalu. Walirudisha ng'ombe. Hawakuleta usiku kwa siri, walileta mchana kweupe, kwa njia kuu, wakipita mbele ya mashine ya kusaga ambako watu wamejazana. Hawakusema neno. Nani aseme neno wakati ng'ombe wenyewe wanatembea? Masalu alikaa kwa mama yake mpaka mpunga ukaiva, akauvuna peke yake kwa sababu hakupata wa kumsaidia, kisha akahamia Ukerewe. Alipoanza kuja kutusalimia hapa, bibi yako ndiye aliyenunua kile kikombe na kupigilia ule msumari. Alikuwa analia wakati anapigilia. Mimi nilimshikia stuli.

Unaweza kusema: baba, hukujua. Ningependa iishie hapo, nami ningelala. Haikuishia hapo.

Mwaka uliofuata tuliitwa semina Mwanza, sisi wa maabara za vijijini, siku chache za soda na posho. Mwalimu alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, hapendi mtu anayesinzia. Akaomba mtu wa kujitolea. Nikajitokeza mimi, daktari wa kijijini, nisionekane mwoga. Akanitoa damu kidole cha mkono wa kushoto, taratibu, amekipasha joto, ametupa kitone cha kwanza, akaiacha itoke kwa hiari yake. Kisha akasema mkono wa kulia jitoe mwenyewe kama unavyofanya kwenu. Nikajitoa kama ninavyofanya kwetu. Darasa zima likaangua kicheko kabla sijamaliza. "Huyu Msukuma anajikamua," wakasema. Zikapimwa zote mbili mbele ya watu. Damu ya mtu mmoja, saa moja, chumba kimoja. Ya kushoto ilikuwa ya mwanaume mwenye afya. Ya kulia ilikuwa ya mgonjwa.

Wote walicheka, na mwalimu alicheka kwa upole, akasema ndiyo maana tumekuja kujifunza. Mimi nilikuwa nautazama mkono wangu wa kulia na kuwaza majaruba. Nilijua palepale. Hakuna aliyehitaji kunieleza zaidi.

Nilirudi nyumbani nimekusudia kusema. Nilikuwa hata nimepanga maneno kwenye kivuko. Nilipofika nikakuta watu wamejaa nje ya maabara wananingoja, "daktari karudi", na nikaona kwamba nikisema la Masalu, kila mmoja wao atakitazama kidole chake. Nikasema nitaanza kwa mama yako. Mama yako alikuwa na homa. Nikasema nitamwambia mkwe wangu. Na unajua desturi yetu Wasukuma, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawasemezani hovyo, ni heshima. Nilijificha nyuma ya heshima hiyo kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Nilikuwa nikimwona bibi yako anaosha sahani ya mwanawe peke yake, kwa majivu, na mimi nainamisha kichwa kwa adabu. Watu walisema mkwe yule ana adabu sana.

Kisha miaka ikapita na Masalu hafi. Ananenepa. Watu wakasema kwake ugonjwa unakwenda polepole. Na kila mwaka ulipopita nilizidi kushindwa, maana sasa nisingeulizwa kwa nini nilikosea tu. Ningeulizwa ulikuwa wapi siku zote. Bibi yako akafa mwaka juzi. Masalu alikuja kumzika mama yake, akakaa pembeni, akapelekewa chakula chake pembeni.

Sikuandikii haya ili nikuhubirie. Mahubiri utayapata chuoni, na "haraka haraka haina baraka" utaisoma kwenye kanga ya kila muuza ndizi. Nakuandikia kwa sababu utafundishwa kutoa damu kama jambo dogo la mwanzo, la kumaliza upesi ili ufike kwenye darubini na mashine. Nami nakuambia mashine haijui mkono ulipita wapi. Inapima unachoipelekea. Niliwahi kutoa damu kwa mzee mmoja kwenye mkono uleule wenye dripu ya sukari, kwa sababu ndio uliokuwa karibu nami, na majibu yakasema mzee ana kisukari kikali. Tulikuwa tumepima chupa iliyoning'inia juu. Bahati nzuri nesi alishtuka kabla mzee hajachomwa sindano ya kushusha sukari. Niliwahi kumfunga mama mmoja mpira mkononi, nikaitwa nje, nikazungumza, nikarudi mkono umevimba mishipa, nikatoa hivyohivyo damu iliyotuama. Kosa dogo, kosa dogo, halafu unaweka sahihi chini yake.

Siku hizi ni vibaya zaidi. Kila duka la dawa Mwanza limeweka darubini dirishani, mwenye duka ana haraka, mgonjwa ana haraka, na wewe utakuwa msichana mgeni ambaye hapendi kusema "ngoja kidogo, tutoe upya". Sema. Watakuona mjinga kwa muda wa kukausha spiriti. Mimi niliogopa kuonekana mjinga, na angalia nilichokilipa, tena kwa mfuko wa mtu mwingine.

Na ukikosea, maana utakosea, nenda kwa mwenye damu siku hiyohiyo, kabla kosa halijaota miguu. Langu lilianza kutembea nikiwa bado nimeshika mlango.

Sasa nikuambie kilichotokea leo, baada ya ile chai.

Nilimwambia Masalu twende tukaoge ziwani. Alishangaa, maana mimi ndiye ninayewakataza watu kila siku kuoga kule kwa ajili ya kichocho. Tukashuka. Jua lilikuwa halijazama, wanawake wamemaliza kufua, hakuna mtu karibu. Nilivua shati, nikaingia mpaka kiunoni, na nikamwambia nikiwa nimempa mgongo, kwa sababu usoni nisingeweza. Nilimwambia yote. Kidole, spiriti, maneno yangu mlangoni, semina, mkono wa kushoto na wa kulia. Nilimwambia ni miaka mingapi nimejua.

Alikuwa anajisugua miguu kwa jiwe.

"Shemeji," akasema, "mimi najua."

Nikageuka.

"Nilipofika Nansio mtoto wa jirani yangu aliishiwa damu. Nikaenda, nikasema mimi nilishakataliwa, lakini nijaribuni. Wakanipima kila kitu. Wakaichukua. Tangu hapo wakipungukiwa wananitumia mtu, nakwenda."

Nikamuuliza mbona hukusema, na hata neno lilipokuwa linatoka niliuona upumbavu wake.

"Nilisema. Nilikuja nikamwambia mama. Akaniambia mkwe wake ni daktari, na mimi ni mtu wa majaruba, mambo ya damu nayajulia wapi. Akasema siku daktari akisema mwenyewe, atakula na mimi sahani moja." Akatoka majini, akavaa shati lake bila kujifuta. "Kwa hiyo nikangoja useme. Kila Krismasi nilivuka kuja kuangalia kama umeshasema."

Hakunitukana, Kabula. Ningetamani angenitukana. Aliniuliza kesho utapanda kivuko cha saa ngapi, ili akubebee sanduku, tukapanda kurudi nyumbani.

Mama yako bado hajui. Kesho asubuhi nataka kumwambia, mbele ya mdogo wake na mbele yako, kabla hujatoka mlangoni. Nasema nataka, kwa sababu nimewahi kutaka mara nyingi na unajua sasa nilivyofanya. Ndiyo maana barua hii sitaiweka ndani ya begi lako uisomee huko mbali. Nitakupa mkononi ukiamka. Ukifika mstari huu na ukaniona bado nimekaa kwenye stuli nimenyamaza, simama, uisome tangu mwanzo, kwa sauti, wote wasikie.

Baba yako